Nilivyokwenda Kumposea Deo kwa Waayalandi

Wanajumuiya wenzangu, tangu nirudi kila mmoja ananishika mkono pale nje ya kanisa: "Mama Skola, vipi huko Kanada? Ilikuwaje?" Nikifungua mdomo tu, kengele inalia, tunaingia. Basi nimeamua kuandika. Msome kwa kupokezana, na atakayecheka sana asipite kwangu wiki hii. Habari za viza na foleni naziruka, hazina utamu wowote.

Songea hadi Dar es Salaam

Mnamkumbuka kaka yangu Gaspari, aliyehamia Uingereza na mkewe na kile kitoto chao, Deogratias. Gaspari alifia hukohuko, mkewe naye akamfuata. Deo akakua, akasoma uhandisi, akapata kazi Toronto, na huko akampenda binti mmoja wa Kiayalandi anaitwa Nuala. Mwaka 2012, mwezi wa pili, akanipigia simu. Kiswahili chake mnakijua, kinachechemea.

"Shangazi, baba yake Nuala amesema hapana. Na Nuala hataki kuolewa bila baraka ya baba yake. Please, njoo uongee naye kama mkubwa wangu."

Ningekataaje? Upande wetu wa kumsemea nimebaki mimi tu. Akikataliwa na hakuna aliyefungua mdomo, nitamweleza nini Gaspari siku tukikutana?

Kwenye basi nikajipanga. Nilijua atakuwa amekataliwa kwa mojawapo ya mambo matatu: rangi, dini, au wanadhani kwetu tunalala njaa. La dini nikaliondoa mapema, maana hao ni Wakatoliki kama sisi, na rozari wanasali. La njaa nilikuwa na kahawa ya Mbinga na dagaa wa Nyasa kwenye begi, watajionea wenyewe. Lililobaki ni la rangi, na hilo nilikuwa na jibu kali kwelikweli. Nililifanyia mazoezi kuanzia Njombe, mpaka mama niliyekaa naye, mwenye kapu la parachichi, akaniuliza, "Dada, unagombana na nani?"

Nikamweleza. Akasikitika. "Wazungu wakikataa hawasemi sababu. Utarudi hujui."

Tukashuka kula wali na kuku mgumu kama kiatu. Sijamaliza, dereva akapiga honi, nikapanda na paja mkononi huku nikiendelea kujibizana na baba mkwe ambaye hata sura yake siijui.

Kukwama Amsterdam

Amsterdam tulikwama. Theluji ilikuwa inamwagika Toronto, ndege zikazuiwa. Tuliambiwa saa moja, ikawa mbili, ikawa "tutawatangazia".

Pembeni yangu alikaa mama wa Kihindi, mtu mzima, amejifunika mtandio. Nilikuwa natafuna kashata zangu, nikamsikia, "Hizo za karanga au za nazi?" Kiswahili safi cha Tanga! Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukawa ndugu. Alizaliwa Tanga, ni Mwismaili, na sasa anakaa Markham, jirani na Toronto, kwa mwanawe. Nikampa kashata, yeye akatoa chevda, mchanganyiko wao wa dengu na karanga, wenye pilipili ya kutoa machozi.

Nikamweleza safari yangu. Akatafuna, akafikiri.

"Mimi Tanga nilikuwa Mhindi," akasema. "Nimefika Kanada, naitwa Mwafrika. Nilikwenda India kutembea, wakaniita mama wa Kanada. Sasa wewe dada nenda tu. Watakwambia wenyewe wewe ni nani."

Nikacheka. Mimi najulikana ni nani, nikamwambia, ni Mngoni wa Matimira, mwalimu mstaafu, na hakuna wa kunibadilisha.

"Haya," akasema, akachukua kashata nyingine.

Uwanja wa ndege hadi nyumbani kwa Mzee Donal

Toronto, afisa wa forodha alifungua begi langu, akainua mfuko wa dagaa na kuuangalia kwenye taa. "Hawa wanakula nini?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba hawali kitu, wao ndio wanaoliwa. Akanipa begi langu nikapita.

Deo nilimtambua kwa urefu, ni Gaspari mtupu. Akainama. "Shikamoo, Shangazi." Nililia bila aibu.

Garini akaniambia kwamba sitalala kwake. Ana chumba kimoja tu, na Mama Maura, mke wa Mzee Donal, amesema mama mtu mzima aliyetoka mbali hivyo hawezi kulazwa kwenye kochi. Kitanda changu kiko kwao.

"Wamekukataa wewe, halafu mimi wananilaza?"

"Ndiyo."

"Watu gani hao?"

"Shangazi, hata mimi sijui. Mzee ananitania tu, muda mwingi."

Mzee Donal ni mtu mnene mwenye uso mwekundu, fundi mwashi mstaafu. Alinishika mikono yote miwili. "Skolastika! Jina la mtakatifu! Ingia, ingia, utaganda." Akanipokea begi mwenyewe. Kisha akamgeukia Deo. "Na wewe Mwingereza, futa viatu. Nchi mmeshatuchukulia, tuachieni hata zulia."

Jamani, nilicheka kwa furaha, mzigo wote ukanishuka. Kumbe ni watani! Si mnajua mimi na Mama Mhenga, jirani yangu Mhehe, tunavyoishi? Babu zake na babu zangu walichinjana. Leo mimi namwita mla mbwa, yeye ananiita mla panya, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Nikasema moyoni, bila shaka Waayalandi walipigana na Waingereza, vita ikaisha, sasa wanataniana. Na Deo, kwa kuwa amekulia Uingereza, wamemhesabia upande ule. Hapa kazi nyepesi.

Tukakaa mezani. Mlima wa viazi, nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kabichi. Dagaa wangu Maura aliwakaanga kwa siagi, na Mzee Donal, mtu wa pwani huko kwao, akawala hadi vichwa. Halafu akasema, "Maura, sogeza viazi mbali na Mwingereza. Akiviona tu, anavipakia melini."

Mtani hanyamazi. Nikajibu, kwa Kiingereza changu cha ualimu, "Hivi visivyo na chumvi? Atavirudisha mwenyewe!"

Maura akaweka uma chini. Nuala, binti mwenyewe, mwembamba mwenye macho ya kucheka, akajifunika kitambaa mdomoni. Mzee Donal alinitazama kwa muda, akacheka kidogo, kisha akainamia sahani yake. Deo akanikanyaga mguu.

Baadaye, tukiwa kibarazani kwenye baridi, akanieleza. Kwamba zamani kwao viazi vilioza, watu wakafa njaa wengi sana, na wakati wanakufa, nafaka na ng'ombe vilikuwa vinapakiwa melini kwenda Uingereza.

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. "Sasa anatania njaa iliyoua watu wake?"

"Sijui kama anatania, Shangazi. Ndiyo shida yenyewe."

Asubuhi nikamwomba radhi Mzee Donal. Akanimiminia chai, akasema mimi sina kosa lolote, mwenye kosa ni Mwingereza. Deo hata hakuwepo nyumbani.

Ukumbini, kisha sebuleni

Siku zilizofuata zilinichanganya kichwa. Mzee Donal alikuwa mwema kwangu kupita kiasi. Ananipeleka misa kwa gari, ananifunga skafu yake shingoni, jioni tunasali rozari pamoja. Deo akija akasema neno moja tu, kwa mfano "nzuri sana", Mzee analirudia vilevile kwa sauti ya kubana pua. Akicheka, macho hayacheki. Au yanacheka? Niliyachunguza macho yale hadi yangu yakauma.

Jumamosi walitupeleka kwenye ukumbi wao Waayalandi. Alikuja rafiki wa Mzee, anaitwa Fergus, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanganyika, siku hizi Tanzania. Akanikumbatia! "Waingereza waliwatawala nanyi pia! Dada yangu!" Akaniletea juisi, akaniletea keki, akaniita dada mara nyingi. Hapo Deo akaja na sahani yake, akamwuliza kwa adabu kama kiti kile kina mtu. Kusikia ile sauti tu, Fergus akakivuta kiti akakigeuzia kwingine.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu ni mtoto wa kaka yangu."

"Najua, dada."

"Sasa mimi umenikumbatia."

"Wewe ulitawaliwa."

"Na yeye je?"

"Yeye anaongea kama waliokutawala."

Nielezeni nyie. Damu moja, ngozi moja, pua ni ileile ya babu. Mimi ni dada wa watu, yeye ni adui wa watu, na tofauti yetu ni kwamba yeye alijifunzia "a, e, i, o, u" kwenye baridi. Lile jibu langu kali la rangi, nililolipika kuanzia Njombe, hakuna aliyelihitaji. Lilinikwama kooni kama mfupa.

Jumapili baada ya misa nikavaa kitenge changu kipya, nikampigia magoti Mzee Donal sebuleni. Maura akashtuka akadhani nimeanguka. Nikatoa kahawa, nikatoa kitenge cha Maura, nikasema maneno yote kama yanavyosemwa: tumeona ua kwenye bustani yenu, tunaomba kulichuma.

Mzee Donal akaninyanyua, macho yamemlenga machozi. "Skolastika, wewe nakupenda. Ungekuwa na kijana mwingine aliyekulia kwenu, ningempa Nuala leo hii. Lakini Mwingereza, hapana."

Nikacheka. Nikangoja naye acheke. Hakucheka.

"Huyu ni Mngoni!" nikasema.

"Mwambie afungue mdomo, usikie."

Deo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuufungua.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia kwamba kwetu walionyonga wazee wetu ni Wajerumani, na kaburi la wazee hao lipo palepale Songea mjini. Na aliyenibatiza mimi Peramiho ni Mjerumani, na hospitali niliyozaliwa walijenga Wajerumani.

"Na mmewasamehe?" akaniuliza, kwa hamu kabisa.

"Sijawahi kuulizwa," nikasema. Na ni kweli, mpaka leo nalifikiria swali hilo nikifagia.

Msiba wa Kathleen

Katikati ya wiki akafariki Kathleen, dada mkubwa wa Mzee Donal. Alikuwa mgonjwa muda mrefu, na aliagiza alale nyumbani kwa mdogo wake siku moja kabla ya mazishi. Wakamleta sebuleni, jeneza wazi, rozari mkononi.

Watu wakajaa. Chai, mikate yenye nyama, wiski. Na kicheko! Huyu anasimulia jinsi marehemu alivyomfukuza padri na ufagio, yule anamwigiza alivyokuwa akitembea. Nikapumua. Hatimaye nimefika mahali ninapopajua. Msiba wenye kicheko, hiyo si ndiyo kazi ya watani? Nyie ni mashahidi. Baba yangu alipofariki, Wahehe walikuja wakaingia ndani ya kaburi wakalala humo, wakasema maiti haingii mpaka wapewe jogoo. Tukalia huku tunacheka. Wakapewa jogoo, na wao haohao ndio waliofukia kaburi mpaka mwisho. Bila wao ungekuwa msiba wa yatima.

Nikamtafuta Deo. Alikuwa kajibanza kwenye makoti ya wageni.

"Baba, mtani hapa ni wewe. Fanya kazi yako, uzibe mlango."

"Shangazi, hapana. No. Please. Hawa siyo hivyo."

"Wewe unajua nini? Msiba ukipita mtani hajafanya kitu, watakuhesabu mtu wa nje mpaka kufa."

Akakataa. Basi nikaifanya mwenyewe, kwa ajili yake. Jeneza lilipoinuliwa, nikajitupa kizingitini na kitenge changu, nikanyoosha miguu. Nikapaza sauti: "Mimi ni shangazi wa Mwingereza! Watani tumefika! Hatoki mtu hapa mpaka nipewe jogoo wangu!"

Wabebaji walisimama na jeneza begani. Mzee Donal alikuwa mbele, shavu lake limeegemea mbao.

"Skolastika," akasema taratibu. "Huyu ni dada yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimekaa chini kama mtoto. Wale hawakuwa watani hata kidogo. Sisi na Wahehe vita yetu iliisha. Yao, kumbe, ilikuwa bado inaendelea mle ndani ya nyumba, kati ya chai na keki. Maura na Deo wakanishika kwapa wakaniinua. Na nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Waingereza hawana adabu hata msibani."

Mimi! Mngoni wa Matimira, mwenye kitenge cha Bikira Maria kiunoni, nimekuwa Mwingereza! Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote, chooni, na mlango nimeufunga.

Nyumbani kwa Mzee Donal hadi uwanja wa ndege

Siku ya kuondoka nilijua nimeharibu. Nilikwenda kuomba mke, narudi nimezuia maiti. Nilimwambia Deo tuchukue teksi, lakini Mzee Donal alishashika ufunguo. "Nampeleka mimi," akasema. Nikakaa mbele, Deo na Nuala nyuma. Theluji tena, magari yamesimama barabara nzima, hatusogei.

Nikamwomba msamaha. Nikamweleza utani wote tangu mwanzo: mnauana, kisha wajukuu wenu wanatukanana, na ni mwiko kukasirika, na siku ya msiba adui wa zamani ndiye anayekuzika.

Alisikiliza akitazama mbele. "Na hilo huchukua muda gani?" akauliza. "Kutoka kuuana mpaka kufika huko?"

"Sijui, Mzee. Mimi nilizaliwa nikalikuta."

Kisha akaanza kusema, kama mtu anayejisemea. Alipokuwa kijana alikwenda kujenga nyumba Uingereza, mji mmoja wa viwanda. Siku moja bomu lililipuka, watu wakafa, na ikasemwa ni Waayalandi waliolitega. Yeye alikuwa dukani ananunua mkate. Akaomba mkate, ndiyo hivyo tu, na watu wakasikia sauti yake. Wakamwangusha, wakampiga, wakamkabidhi kwa polisi. Walimweka ndani siku nyingi, wakimhoji usiku na mchana kuhusu bomu asilolijua.

"Sikuwa nimefanya kitu," akasema. "Nilifungua mdomo tu. Na yule aliyekuwa akinihoji aliongea hivihivi kama huyu kijana. Neno kwa neno. Kila akisema 'nzuri sana' mezani kwangu, mimi niko kule."

Nuala nyuma akasema, "Baba, hukuwahi kuniambia."

Mzee akanigeukia mimi. "Skolastika, nimefikiri. Nitawapa. Lakini kanisani aape kwa Kiswahili. Na karamuni mbele ya watu wangu asizungumze kwa sauti ile. Akiwa kwangu, aongee Kiswahili au akae kimya. Hilo naliweza."

Ndiyo hiyo baraka niliyoifuata! Nikageuka nyuma nimwambie Deo akubali haraka kabla mzee hajabadili mawazo. Nikamkuta Deo ananitazama kama Gaspari siku anaondoka.

"Shangazi," akasema, kwa Kiswahili chake kile kile kinachochechemea, "mwambie namheshimu. Na pole kwa alivyofanyiwa. Lakini mwambie sina mdomo mwingine."

Nuala akamshika Deo mkono.

Nilikaa na yale maneno. Ningeweza kuyageuza, mzee asingejua. Nikasema ndani ya roho, Gaspari, huyu ni mwanao. Nikayatafsiri yalivyo: "Anasema anakuheshimu, na anakupa pole. Lakini hana mdomo mwingine."

Mzee Donal akashika usukani kwa mikono miwili. Magari ya mbele yakasogea, yeye hakusogea. Wa nyuma wakapiga honi, naye bado. Uso wote ulikuwa mwekundu, na sikujua, naapa sikujua, kama sasa atatushusha barabarani.

"Basi," akasema, "aje na mdomo wake huohuo."

Akatia gia. Hata sasa siwezi kuwaambia kama anampenda mtoto wetu au amemchoka tu. Lakini nilipiga kigelegele kimoja mle garini, cha Kingoni kabisa, mpaka Mzee Donal akaruka kwenye kiti na akaipita njia ya kuingilia uwanja wa ndege.